Mdogo wangu alivunjika shingo, sasa tunaambiwa huenda ana maji kichwani. Inawezekanaje?

Swali: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 34, kazi yake ni mkwezi wa minazi huku Pangani. Alianguka akavunjika shingo. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa vyuma, na baada ya miezi miwili tukarudi naye nyumbani. Miguu haifanyi kazi na vidole havikunji vizuri, lakini mikono ilikuwa na nguvu ya kusukuma kiti mwendo na akili zake zilikuwa timamu, anatutania kama zamani. Tangu mwezi wa nne baada ya ajali amebadilika. Analala mchana kutwa, anasahau alichoambiwa asubuhi, anatapika akiamka. Mkojo unavuja kabla ya saa ya kuweka mpira, jambo ambalo halikuwepo. Kwenye kiti anaangukia upande. Wajomba wanasema amekata tamaa, wengine wanasema mambo mengine. Muuguzi mmoja jirani yetu kasema huenda maji yamejaa kichwani. Mimi najua maji kichwani ni ugonjwa wa watoto wa vichwa vikubwa, na kichwa cha mdogo wangu hakijakua hata kidogo. Inawezekana kweli? Na ikiwa ndiyo, atarudi alivyokuwa?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Ndiyo, inawezekana. Ni jambo la nadra, kiasi kwamba kwenye majarida ya kitabibu limeandikwa zaidi kwa habari za mgonjwa mmoja mmoja, lakini linajulikana. Na kwa dalili ulizoandika, mdogo wako apelekwe hospitali yenye mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya kichwa, leo au kesho, asingoje tarehe yake ya kliniki. Akifika mahali pa kuamshwa kwa shida, akitapika mfululizo, akipata degedege, akaanza kuona vitu viwiliviwili, au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko ya pili, basi ni usiku huohuo. Maelezo yanayofuata mnaweza kuyasoma mkiwa njiani.

Kwanza hicho kichwa ambacho hakijakua. Ubongo na ugwe mgongo, yaani ule mshipi mnene wa neva unaopita ndani ya pingili za mgongo, vinaelea kwenye maji safi ambayo wengi tunayaita maji ya uti wa mgongo. Mtu mzima huwa na takriban mililita 150 za maji hayo kwa wakati mmoja, kama vijiko kumi vya chakula. Lakini mwili hutengeneza karibu mililita 500 kila siku, kwa hiyo maji yote hubadilishwa mara tatu na zaidi kati ya asubuhi moja na inayofuata. Mengi hutengenezwa ndani ya vyumba vinne vilivyomo katikati ya ubongo, hupita kwenye vijia vyembamba kutoka chumba hadi chumba, hutokea upande wa kisogo, huzunguka ubongo na kushuka mgongoni, kisha hunyonywa na kurudi kwenye damu. Njia ikiziba, au sehemu za kunyonya zikishindwa kazi, utengenezaji hausimami. Mtaa ambao mtaro wake umejaa mchanga hufurika kwa mvua ileile ya kila mwaka, na ndivyo ilivyo humu: tatizo karibu kila mara liko kwenye mtaro.

Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijashikana. Maji yakizidi, kichwa kinatanuka na kila mtu anakiona. Ndiyo sababu Tanzania ugonjwa huu tunaujua kwa jina la kichwa kikubwa, tena hutajwa pamoja na mgongo wazi. Fuvu la mtu wa miaka 34 limekwisha kufunga. Kinachotanuka kwake ni vile vyumba vya ndani, na kinachobanwa ni ubongo wenyewe. Kwa hiyo kupima kichwa kwa macho au kwa futi hakutasaidia lolote kwa mtu mzima. Madaktari huita hali hii haidrosefalasi, awe mtoto au mzee.

Sasa shingo iliyovunjika inaingiaje katika habari ya vyumba vya ubongo? Njia ni zaidi ya moja, na inafaa uzijue kwa sababu daktari atakuuliza maswali yanayozifuata.

Iliyo rahisi kueleweka ni damu. Pingili zikivunjika, damu inaweza kuvuja ndani ya maji ya mgongo, na kwa kuwa maji ya mgongoni na ya kichwani ni mamoja, damu hiyo hupanda. Chembe zake na protini zinazobaki baada ya damu kusagika hukwama kwenye zile sehemu za kunyonya. Ngozi laini zinazozunguka ubongo zinaweza kuvimba na kushikana. Hili huchukua wiki au miezi, na mwendo huo unalingana na habari ya mdogo wako.

Njia nyingine ni mshipa wa damu. Kuna mishipa miwili inayopanda kwenda nyuma ya ubongo kwa kupita kwenye matundu ya pingili za shingo zenyewe. Pingili ikivunjika au kuteguka, mshipa unaweza kuchanika kwa ndani, ukaganda damu, na sehemu ya nyuma ya ubongo ikapata kiharusi. Sehemu hiyo ikivimba hukandamiza chumba cha nne, na maji yanazibwa ghafla. Hii huja ndani ya siku chache baada ya ajali, mara nyingi mgonjwa akiwa bado wodini. Kwa miezi minne siitegemei sana, ila naitaja kwa faida ya wasomaji wengine ambao mgonjwa wao ana wiki moja tu tangu aumie na ghafla anapata kizunguzungu, anatapika na usingizi unamzidi.

Kisha ipo shingo ya juu kabisa, pale inapoungana na fuvu. Uvimbe, mfupa uliosogea au makovu hapo yanaweza kuziba mlango ambao maji hushukia mgongoni. Mgongo una kazi ya kupokea sehemu ya maji kila kichwa kinapopata msukumo, mfano mtu anapokohoa au kujikamua chooni. Mlango huo ukifungwa, kichwa kinakosa pa kupumulia.

Wapo pia waliopata maambukizi baada ya upasuaji, ile homa ya uti wa mgongo, na waliochanika utando unaofunika ugwe mgongo hadi maji yakavuja kwenye kidonda. Kumbuka kama kidonda cha upasuaji cha mdogo wako kiliwahi kutoa majimaji meupe kama maji ya kunywa, au kama aliwahi kupata homa kali akiwa wodini, ukamwambie daktari. Na kwa wale ambao mgonjwa wao hakuanguka, mgongo umeharibiwa na kifua kikuu, mambo ni tofauti kidogo: kifua kikuu kinachofika kwenye utando wa ubongo huziba maji mara nyingi zaidi kuliko ajali, kwa hiyo kwao tahadhari iwe kubwa zaidi.

Mwisho, na huu ndio uwezekano ambao mimi huufikiria kwanza kabla ya hayo yote: aliyeanguka kutoka juu ya mnazi hakuangukia shingo peke yake. Waliovunjika shingo wengi huwa wameumia na kichwa, ila siku ya ajali macho ya wote huwa kwenye shingo na miguu isiyosogea. Kichwa kilichotikisika vibaya kinaweza kujaza maji baadaye. Kinaweza pia kuvujisha damu polepole chini ya fuvu kwa wiki kadhaa, na dalili zake zikafanana mno na hizi ulizoandika. Picha moja ya CT hutofautisha mambo hayo mawili, na yote mawili yana tiba.

Hadi hapa nimejibu kama inawezekana. Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba hali hii huchelewa kugunduliwa kwa watu kama mdogo wako, na sababu yake inaeleweka kabisa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari Salomón Hakim wa Bogotá, Kolombia, alikuwa akimtibu kijana wa miaka 16 aliyegongwa na gari. Kijana alitolewa damu iliyoganda kichwani lakini akabaki amezubaa, haongei. Vyumba vya ubongo vilikuwa vimetanuka, ilhali presha ya maji ilipopimwa ilionekana ya kawaida. Hakim alichukua mililita 15 za maji kwa ajili ya maabara. Kesho yake kijana alianza kusema. Mwaka 1965 Hakim na mwenzake Raymond Adams walichapisha maelezo ya wagonjwa wa namna hiyo, na tangu hapo kila mwanafunzi wa udaktari hukaririshwa dalili tatu: mwendo unaharibika, mkojo unaponyoka, akili inafifia.

Sasa zitazame dalili hizo tatu kwa mtu aliyepooza. Mwendo hana. Mkojo wake tayari unatoka kwa mpira. Mbili kati ya tatu zimeshafunikwa na ajali yenyewe, na inayobaki, akili kufifia, kila mtu ana maelezo yake: ana mawazo, dawa zinamlevya, amekata tamaa. Mgonjwa anaweza kukaa hivyo miezi huku kila anayemwona anakuta maelezo yanayomtosha.

Kwa hiyo kwa mtu aliyeumia mgongo hatuulizi yukoje leo. Tunaulizia kilichobadilika. Mtu ambaye jeraha lake limetulia anatakiwa abaki alipo au apande kidogo kidogo kwa mazoezi. Akianza kushuka, kuna kitu kipya. Barua yako imenishika kwa sababu hiyo: hukuandika kwamba mkojo unavuja, umeandika kwamba unavuja sasa na zamani haukuvuja. Aliyekuwa anasukuma kiti sasa anaangukia upande. Utakapofika kwa daktari, sema hivyohivyo. Ukisema tu “hawezi kukaa na mkojo unavuja”, utajibiwa kwamba ndivyo walivyo waliovunjika shingo, na atakayekujibu hatakuwa amekosea kwa habari uliyompa. Kama kwenye simu yenu kuna video aliyochukuliwa mwezi wa pili au wa tatu baada ya ajali akisukuma kiti na kutania, ichukue. Mrekodi na leo. Video mbili hizo zitamshawishi daktari haraka kuliko maelezo ya nusu saa.

Wajomba nisiwapuuze kabisa. Sonona baada ya kupooza ni kweli na huua, na mtu aliyesononeka hulala sana, huacha kutania, hukataa mazoezi. Lakini sonona haimtapishi mtu alfajiri. Kutapika na kuumwa kichwa unapoamka, kukapungua ukishainuliwa, hutokana na presha kichwani kupanda mtu anapolala chali usiku kucha. Hao wanaosema mambo mengine, waambie tu kwamba picha ya CT haimzuii mtu kusomewa dua.

Kabla ya kufika kwenye CT, au sambamba nayo, yapo mambo yanayofanana na haya ambayo daktari atataka kuyaondoa. Dawa ndizo za kwanza. Baklofeni ya kulegeza misuli, diazepamu, amitriptilini na gabapentini kwa maumivu ya neva, zote huleta usingizi, na mbili kwa pamoja huzidisha. Orodhesha anachokunywa na lini kiliongezwa. Ila tafadhali msimwachishe baklofeni nyumbani kwa kubahatisha: ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege na kuweweseka, mkajikuta na matatizo mawili.

Ya pili ni mkojo. Nchini kwetu ni nadra mtu kwenda kupimwa akarudi bila kuambiwa ana UTI au taifodi, na kwa mtu wa mpira wa mkojo mtego huu ni mbaya zaidi, kwa sababu mkojo wake karibu kila mara utaonyesha bakteria hata akiwa mzima. Maambukizi ya kweli yanaweza kuleta usingizi na kuvuja mkojo, ndiyo, na yakiambatana na homa yatibiwe. Lakini akimaliza dozi na usingizi uko palepale, msikubali dozi ya pili na ya tatu bila picha ya kichwa.

Ya tatu ni presha ya damu, kwa sura mbili zinazopingana. Waliovunjika shingo wengi presha yao ni ya chini, na wakiinuliwa hushuka zaidi: wanasinzia, macho yanaingia giza, wakilazwa wanapata nafuu. Kichwa kilichojaa maji mara nyingi hufanya kinyume, kulala ndiko kunakokitesa. Sura nyingine ni presha inayoruka ghafla kwa watu walioumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, kichwa kinagonga, uso unatoka jasho na kuwa mwekundu. Hiyo huamshwa na kitu chini ya mahali palipoumia, mara nyingi kibofu kilichojaa au choo kilichokwama. Mkalisheni wima, legezeni nguo, tazameni kama mpira umejikunja, mtoe mkojo. Presha ikishuka na kichwa kikatulia, mmepata chanzo. Na mkumbushe anayempima kwamba mtu ambaye kawaida yake ni 100 kwa 60, akisoma 150 huyo yuko hatarini, hata kama namba hiyo kwa mwingine haitishi.

Chumvi ya sodiamu kushuka kwenye damu na kukosa hewa usingizini kwa wanaokoroma sana ni mambo mengine mawili yanayowapata waliovunjika shingo. Malaria nayo ipimwe, ya nini kuiacha wakati kipimo ni cha dakika chache.

Vipimo vyenyewe si vingi. CT ya kichwa isiyo na dawa ya kuchoma inatosha kuanzia, huchukua dakika chache, na siku hizi hospitali nyingi za rufaa za mikoa zinayo. Daktari wa picha atapima upana wa vyumba vya mbele na kuulinganisha na upana wa fuvu kwa ndani. Uwiano ukizidi 0.3 vyumba vimetanuka. Kama alipigwa picha ya kichwa siku ya ajali, itafuteni, maana kulinganisha picha mbili kuna thamani kuliko namba yoyote. Mtu atazame pia nyuma ya macho yake kwa kifaa cha kumulika: neva ya jicho iliyovimba ni ushahidi wa presha kichwani, na ikiachwa muda mrefu mtu anaweza kupofuka.

Jambo moja la kusimamia kwa adabu lakini kwa uthabiti: maji ya mgongo yasichukuliwe kwa sindano kabla ya picha. Kwa mtu yeyote kufanya hivyo ni hatari kama njia za ndani ya ubongo zimeziba. Kwa aliyevunjika shingo kuna ya nyongeza, kwamba mfereji wa mgongo unaweza kuwa umeziba pale palipovunjika. Maji yakitolewa kiunoni, presha iliyo chini ya mahali hapo hushuka na iliyo juu yake inabaki, na ugwe mgongo uliokwisha kuumia unaweza kusukumwa vibaya. Hata presha itakayosomwa kiunoni haitaeleza ya kichwani. Picha zikionyesha njia iko wazi, basi kutoa mililita 30 hadi 50 na kumtazama mgonjwa saa na siku zinazofuata ni kipimo kizuri. Kwa mdogo wako hatutazami mwendo. Tutatazama kama ameamka, kama anakumbuka, kama anakaa kwenye kiti bila kuanguka.

Ombeni MRI ya shingo nayo, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, mkiwahi. Ajali ileile inayovuruga mwendo wa maji inaweza kutengeneza kifuko cha maji ndani ya ugwe mgongo wenyewe. Hicho kinatokea mara nyingi kuliko maji ya kichwani, wakati mwingine miaka mingi baada ya ajali, na hupunguza nguvu za mikono na kuleta ganzi au maumivu mapya yanayopanda juu. Usingizi na kutapika havielezwi na kifuko hicho, lakini udhaifu wa mikono unaelezwa, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Ikithibitika ni maji, tiba ni kuyapa njia. Akiwa mahututi, mrija wa muda huingizwa kwenye chumba cha ubongo na maji yakatoka nje kwenye mfuko. Ya kudumu ni shanti: mrija mwembamba unaoanzia ndani ya ubongo, una vali ndogo inayoruhusu maji kwenda upande mmoja tu, unapita chini ya ngozi ya shingo na kifua, unaishia tumboni ambako maji hunyonywa. Kwa nje hauonekani, ila ukipapasa nyuma ya sikio utausikia. Ipo pia njia ya kutoboa sakafu ya chumba cha tatu kwa kamera ndogo ili maji yapate mlango mwingine, bila kuacha mrija mwilini. Afrika Mashariki imechangia sana elimu ya njia hiyo: daktari Benjamin Warf aliiendeleza kwa watoto katika hospitali ya CURE huko Mbale, Uganda, akiiunganisha na kuchoma tishu zinazotengeneza maji. Lakini hufaa zaidi pale kizuizi kinapokuwa kwenye vijia vya ndani. Kwa mtu mzima ambaye sehemu za kunyonya ndizo zilizoharibiwa na damu, shanti hubaki kuwa chaguo la kawaida.

Mtakapoambiwa bei, mnaweza kusikia kuna shanti ghali na shanti rahisi. Warf huyohuyo mwaka 2005 alichapisha ulinganisho uliofanyika Mbale kati ya shanti ya Chhabra ya India, iliyogharimu dola 35 hivi, na nyingine iliyozidi dola 600. Baada ya mwaka mmoja hakuona tofauti ya maana. Walikuwa watoto, lakini somo ni kwamba familia isiuze shamba kwa ajili ya jina la kiwandani. Mkikwama, ombeni kumwona ofisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla bili haijafungwa.

Shanti kwa mtu aliyepooza ina mambo yake, na hapa ndipo nyinyi wa nyumbani mnakuwa muhimu kuliko daktari. Mrija ni kitu kigeni mwilini, bakteria huupenda, hasa miezi ya mwanzo. Vidonda vya kulalia, maambukizi ya mkojo na mpira wa mkojo uliopitishwa kwenye tundu la tumboni, kama anao, vyote viwekwe wazi kwa daktari mpasuaji kabla ya siku ya upasuaji ili avitibu kwanza au achague mahali pengine pa kupitishia mrija. Msifiche kidonda kwa kuona aibu ya kuonekana hamkumtunza.

Choo nacho kina uzito ambao wengi hawaufikirii. Tumbo lililojaa choo kigumu lina presha, na maji yanayotoka kichwani yanakutana na presha hiyo. Imeripotiwa shanti nzima kabisa ikashindwa kufanya kazi kwa sababu ya kufunga choo tu. Ratiba ya choo aliyofundishwa wodini ifuatwe bila kurukwa.

Na kwa kuwa hana hisia chini ya kifua, maambukizi ya tumbo yanaweza kumla asiumwe. Mtu mwingine angelia tumbo, yeye hatalia. Kwake dalili zitakuja kwa mlango wa nyuma: homa, tumbo kujaa, miguu kukakamaa kuliko kawaida, jasho la usoni bila sababu, ile presha ya kuruka. Ngozi ikiwa nyekundu kufuata njia ya mrija, ni hospitali. Shanti ikiziba, dalili zilezile za leo zitarudi, usingizi, kutapika, kusahau. Kwa watoto, karibu 4 kati ya 10 shanti zao huhitaji kurekebishwa ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa watu wazima hali ni nafuu, lakini kuziba si jambo la ajabu, na haimaanishi upasuaji ulifanywa vibaya.

Umeuliza kama atarudi alivyokuwa. Alivyokuwa kabla ya kupanda mnazi ule, hapana, shanti haigusi jeraha la shingo na miguu itabaki ilivyo. Alivyokuwa mwezi wa pili na wa tatu, anasukuma kiti, anawatania, mkojo unasubiri saa yake, hilo linaweza kurudi. Wengine huamka ndani ya siku mbili tatu hadi ndugu wanashangaa, wengine huchukua wiki. Kumbukumbu huja nyuma ya vingine na pengine isirudi yote. Kadiri ubongo ulivyobanwa kwa muda mrefu ndivyo kinachorudi kinavyopungua, na hiyo ndiyo sababu nimekuhimiza usingoje kliniki.

Kwa safari: asipandishwe bodaboda wala asikalishwe kwenye kiti cha basi akining'inia. Tafuteni gari analoweza kulala kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo, mtoe mkojo kabla ya kuondoka, wekeni godoro laini au mito chini ya matako na visigino, mgeuzeni kila baada ya saa mbili hata mkiwa kwenye foleni ya kusubiri. Asipewe kitu cha kumlaza usingizi kwa ajili ya safari. Bebeni dawa zake zote na pakiti zake, karatasi ya kuruhusiwa, picha za mwanzo, na taarifa ya upasuaji inayotaja aina ya vyuma alivyowekewa, maana wa MRI watauliza. Vikiwa vya titani kwa kawaida hakuna tatizo, ila picha itakuwa na ukungu karibu na vyuma vyenyewe, na waambiwe mapema ili wapange vipimo vyao.